Nahodha wa merikebu ya watumwa "hakutumwa tu"

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Malindi, ambaye wiki mbili zilizopita aliandika juu ya biashara ya watumwa ya Bahari ya Atlantiki na akakata shauri kwamba manahodha wa merikebu zile wanaonewa, kwa sababu wao "walitumwa tu": mali ilikuwa ya matajiri wa Liverpool, Bristol na Nantes, merikebu ilikuwa yao, faida ilikuwa yao, na nahodha alikuwa mshika usukani ambaye akikataa safari anatafutwa mwingine. Akaongeza mambo mawili kwa kupita, kwamba yaliyotokea ndani ya merikebu iliyoitwa Zong mwaka 1781 yalikuwa ajali ya baharini, na kwamba habari zote hizo ni za watu wa Guinea, yaani pwani ya Afrika Magharibi, wala hazituhusu sisi wa Bahari ya Hindi.

Mimi si mwanahistoria. Nilianza kazi ya bahari nikiwa mtoto wa kuchota maji ya ngama, yaani tumbo la chombo, na nimekuwa nahodha wa jahazi miaka ishirini na sita, nikipakia boriti za mikoko Lamu na kuzishusha Mombasa. Tangu magoti yaliponikatalia kupanda chomboni, binti yangu, ambaye ni mwalimu wa historia, huniletea vitabu, na vile vya Kiingereza kigumu huvisoma nami akija likizo. Habari za manahodha wa watumwa zimenishika kuliko nyingine zote, pengine kwa kuwa ni watu wa kazi yangu, na mtu hupenda kujua mwenzake alifanya nini na chombo alichokabidhiwa.

Nianze na malipo, maana hapo ndipo neno "kutumwa" linapovunjika mapema. Katika jahazi letu, shehena ikishashushwa na gharama za chakula na ushuru zikishatolewa, nusu ya kilichobaki ilikuwa ya mwenye chombo, na nusu ya pili tukigawana kwa mafungu: baharia fungu moja, serahangi, msimamizi wa mabaharia, fungu moja na nusu, nahodha mafungu mawili. Hakuna aliyekuwa na mdomo wa kusema kwamba shehena haimhusu. Nahodha wa Liverpool wa karne ya 18 alikuwa na mshahara wa takriban pauni 5 kwa mwezi, na lau angekuwa na huo peke yake, hoja ya ndugu yangu ingekuwa na mashiko. Lakini mshahara ndio uliokuwa kitu kidogo. Alikuwa na kamisheni ya mauzo, ambayo kwa mtindo mmoja uliozoeleka ilikuwa pauni 4 katika kila pauni 104, na juu ya hiyo aliruhusiwa kuwa na watumwa wake mwenyewe, wawili, watatu au wanne, wanaosafirishwa bila nauli na kulishwa chakula cha merikebu, kisha akawauza ng'ambo na fedha ikaingia mfukoni mwake. Mwenye bidhaa yake ndani ya ngama haitwi mtumishi. Ni mshirika wa biashara. Wengine waliendelea hadi wakawa wenye merikebu. James D'Wolf wa Rhode Island, Marekani, alianza kama nahodha na akaishia kuwa seneta mwaka 1821, tajiri wa kutajika, ingawa mwaka 1791 aliwahi kushtakiwa kwamba aliamuru mwanamke mgonjwa wa ndui afungwe kwenye kiti na kushushwa baharini akiwa hai. Baharia aliyetoa ushahidi alisema kwamba baadaye nahodha alisikitika kwa kukipoteza kiti kizuri kama kile. Hakufungwa hata siku moja.

Ni kweli kwamba tajiri alimpa nahodha barua ya maagizo kabla ya kutweka: nenda bandari fulani, nunua watu wa umri fulani, uza kisiwa fulani, ukifa fulani ashike nafasi yako. Lakini barua ni karatasi, na baina ya Liverpool na Guinea kulikuwa na miezi ambayo hakuna wa kuulizwa. Nahodha ndiye aliyelipa ushuru wa mfalme wa pwani, akanywa na madalali wake, akatazama meno na viungo vya watu walioletwa, akakubali huyu na kumkataa yule, akipima kwa vitambaa vya India, baruti, vyuma, pombe kali na kauri. (Kauri zenyewe nyingi zilitoka Maldives, katika bahari hii hii yetu, zikapelekwa Ulaya kama uzito wa kutuliza merikebu na kutoka huko zikaenda Guinea kama fedha; basi hata hapo "hazituhusu" ina walakini.) Nahodha huyo huyo ndiye aliyemwamuru seremala ajenge ukuta wa mbao kukata sitaha, na mizinga midogo ielekezwe upande watakapokaa watu, na nyavu zitandwe ubavuni ili wasijirushe majini. Ununuzi wa namna hii ulichukua miezi mingi, mara nyingi watu wawili leo na mmoja kesho kutwa, na muda wote huo wa kwanza kununuliwa yumo ndani, anasubiri.

Bunge la Uingereza nalo lilijua nani mwenye neno ndani ya merikebu. Sheria ya mwaka 1788 iliyowekwa kupunguza msongamano iliahidi nahodha pauni 100, na tabibu wake pauni 50, iwapo waliokufa njiani hawakuzidi 2 katika kila 100. Mtu hapewi zawadi kwa jambo lisilokuwa mkononi mwake.

Mwaka huo huo wa 1788, Robert Norris, aliyekuwa nahodha wa watumwa kabla ya kuwa mfanyabiashara wa Liverpool, alitoa ushahidi wa kuitetea biashara hiyo. Alieleza kwamba watu walipangiwa vyumba kwa kadiri ya nafasi, ingawa kifundo cha mguu wa kulia cha mmoja kiliunganishwa kwa chuma na kifundo cha kushoto cha mwenziwe; kwamba walikula mara kadhaa kwa siku vyakula vya kwao na mchuzi wake; kwamba baada ya kifungua kinywa walipewa maji ya kunawa huku vyumba vyao vikifukizwa ubani na kunyunyizwa maji ya ndimu; na kwamba kabla ya chakula cha mchana waliimba na kucheza. Binti yangu aliponisomea habari hiyo tulikuwa ukumbini, na chetezo kilikuwa kimewashwa kwa sababu ya wageni waliotarajiwa jioni. Niliamka nikakitoa nje. Hapa Lamu ubani ni wa harusi, wa mgeni na wa maiti, na kila mtoto anajua kwamba unafukizwa penye harufu ya kufukuzwa. Nahodha yule hakusema uongo mtupu. Alivifukiza vyumba kweli, na alivifukiza kwa sababu anazozijua mwenyewe. Mei mwaka uliofuata, William Wilberforce, mbunge aliyekuwa akiipinga biashara hiyo, aliyarudia maneno hayo bungeni mbele ya wenziwe ili wajisikilizie wenyewe.

Lakini nahodha anayenisumbua zaidi ni John Newton, kwa kuwa huyo hakuwa mtu wa kusikitikia kiti kama D'Wolf. Alizaliwa London mwaka 1725, akaanza safari za bahari na babake akiwa na umri wa miaka 11, na ujanani mwake alikaa visiwa vya Plantain, karibu na pwani ya Sierra Leone, chini ya mfanyabiashara wa watumwa ambaye mkewe alimtesa kwa njaa na matusi. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba watumwa waliofungwa minyororo walimpa kwa siri sehemu ya chakula chao. Mtu aliyelishwa hivyo alirudi pwani ile ile akiwa nahodha, mara tatu, kati ya mwaka 1750 na 1754, kwanza na merikebu Duke of Argyle na kisha mara mbili na merikebu iitwayo African.

Aliandika kila kitu, kama inavyompasa nahodha. Kwa mkewe aliandika barua za mapenzi kutoka chumba chake cha nyuma. Jumapili aliwasalisha mabaharia mara mbili. Na mwezi wa Desemba 1752, baada ya kugundua kwamba watu waliokuwa chini walikuwa wakipanga kuinuka na kwamba wavulana walikuwa wamewapitishia visu, aliandika katika daftari la safari kwamba amewatia wavulana hao pingu na kuwabana vidole gumba kwa kibanio cha chuma, kidogo, ili waseme yote. Neno hilo "kidogo" ni lake. Nimejaza madaftari ya safari kwa miaka mingi na najua kwamba nahodha haandiki neno lisilo na kazi, kwa hiyo nimejiuliza mara nyingi alikuwa akimwandikia nani neno lile, maana matajiri wake wasingejali kama ni kidogo au kingi.

Baadaye alikiri kwamba alijiona kama mlinzi wa gereza, na kwamba kazi ya minyororo na makomeo ilimchukiza wakati mwingine. Alisema pia kwamba hajapata saa tamu zaidi za kuwa karibu na Mungu kuliko katika safari zake mbili za mwisho za Guinea. Aliporudi kutoka safari ya tatu alishukuru kanisani kwamba hakupoteza mtu hata mmoja. Wala hakuiacha kazi kwa sababu ya dhamiri. Mwishoni mwa mwaka 1754, siku mbili kabla ya kutweka tena, alikuwa akinywa chai na mkewe akaanguka ghafla na kupoteza fahamu, madaktari wakamzuia. Nahodha aliyechukua nafasi yake alikufa katika safari hiyo pamoja na wengi wa maofisa wake. Newton akawa kasisi, akatunga tenzi ambazo huimbwa hadi leo, na haikuwa mpaka mwaka 1788, miaka 34 baada ya safari ya mwisho, alipotoa kitabu kidogo cha kuishutumu biashara ile na kusema wazi sehemu yake. Aliishi hadi mwaka 1807, mwaka ambao Uingereza iliipiga marufuku. Wengine humsamehe kwa kitabu kile; mimi nasema kimechelewa, lakini kinamjibu ndugu yangu wa Malindi kuliko barua yangu, kwa sababu ndani yake Newton hakutaja tajiri aliyemtuma. Alisema "mimi".

Ndugu yangu anasema nahodha angekataa, kazi angepewa mwingine. Hapo amesema kweli, na sitaki nimnyime haki yake. Mwaka mmoja, kusi ikiwa imepamba moto, tajiri mmoja ambaye sitamtaja alitaka nitoke na boriti zilizopakiwa hadi maji yakaribie ukingo wa jahazi. Nilikataa. Akampa chombo mwingine, na huyo mwingine akafika Mombasa salama salimini, akapewa chombo kile moja kwa moja. Mimi nikakaa msimu mzima nikishona matanga ya watu. Kwa hiyo gharama ya kukataa naijua, sikuisoma. Ninachosema ni kwamba ilikuwapo nafasi ya kukataa, na kwamba mimi nilikuwa na boriti, wao walikuwa na watu.

Sasa Zong. Merikebu hii ilikuwa ndogo, tani 110, na iliondoka Accra Agosti 1781 ikiwa na watu 442 chini, zaidi ya mara mbili ya idadi ambayo chombo cha ukubwa wake kingeweza kubeba salama. Nahodha alikuwa Luke Collingwood, aliyekuwa tabibu wa merikebu za watumwa na hakuwahi kushika chombo kabla ya hapo. Mwishoni mwa Novemba waliikosa Jamaica, wakaidhania kuwa Saint-Domingue (Haiti ya leo), wakaipita. Ikasemwa kwamba maji hayatoshi. Tarehe 29 Novemba wanawake na watoto 54 walitupwa baharini kupitia madirisha ya chumba cha nyuma; siku mbili baadaye wanaume 42; siku zilizofuata wengine 36, na watu 10 wakajirusha wenyewe.

Katika kazi yangu, hesabu ya maji ndiyo ya kwanza kabla ya hesabu ya tanga. Wakati mmoja wa malelezi, upepo ulitufia siku nne nje ya Kiwayu, bahari imelala kama mafuta, na pipa letu lilikuwa na ufa ambao hatukuuona. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Niliweka kata ya kifuu juu ya pipa na nikapima mwenyewe, kata moja alfajiri na kata moja jua likizama, na nikawa wa mwisho kunywa, si kwa wema bali kwa kuwa nahodha akinywa wa kwanza hakuna atakayeamini pimo lake. Kata ile bado ninayo. Nahodha aliyepungukiwa maji kweli hupunguza pimo. Zong hawakuanza kwa kupunguza pimo. Mvua ikanyesha siku zile zile na mapipa yakaongezwa, lakini waliendelea kutupa. Na walipotia nanga Jamaica tarehe 22 Desemba, na watu 208 hai, merikebu ilikuwa bado ina galoni 420 za maji.

Sababu ilijulikana mahakamani London mwaka 1783, ambako wenye merikebu walikwenda kudai bima. Mtumwa aliyekufa kwa maradhi ilikuwa hasara ya mwenyewe. Aliyetupwa ili kuokoa merikebu alilipiwa na bima, pauni 30 kwa kichwa. Jaji Mansfield alisema kwamba kesi ilisikilizwa kana kwamba waliotupwa ni farasi. Baraza la kwanza la wazee wa mahakama liliwapa wenye merikebu ushindi, kisha ikaamriwa kesi isikilizwe upya. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Collingwood mwenyewe alifariki Jamaica muda mfupi baada ya kufika, na daftari la safari halikuonekana. Hilo la daftari, kwa mtu wa kazi hii, linatosha.

Sitakaa sana juu ya mabaharia, ingawa wanastahili barua yao. Karibu mmoja katika kila watano alikufa, na wengine walitendewa vibaya makusudi wafikapo visiwa vya Karibi ili watoroke na mshahara wao ubaki.

Kuhusu kwamba hazituhusu: mwaka 1776 Mfaransa Morice, ambaye naye alitoka katika utabibu akaingia katika biashara hii, alitia sahihi na Sultani wa Kilwa mkataba wa kupatiwa watu 1,000 kila mwaka. Mwaka 1794 merikebu ya Kireno São José ilitoka Msumbiji kwenda Brazil na watu zaidi ya 400 ndani, ikavunjika kwenye miamba karibu na Cape Town usiku wa tarehe 27 Desemba. Nahodha na mabaharia wote waliokolewa, takriban nusu ya watu waliokuwa chini walizama, na walionusurika wakauzwa papo hapo. Watu hao wa Msumbiji ni jirani zetu kuliko watu wa Accra. Wala sisi wenyewe si wa kunyoosha kidole tu. Manahodha wa pwani hii walipakia watu Kilwa na kuwashusha Unguja, Malindi na hapa Lamu. Mashamba ya ufuta na mtama ya Malindi ya karne ya 19 hayakulimwa na wenyewe. Na kwetu utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Wazee wangu walipoulizwa habari hizo barazani walikuwa wakigeuza maneno, na mimi niliyalinda mageuzo hayo kwa miaka mingi kabla binti yangu hajanikalisha chini.

Naomba ndugu yangu amtazame mmoja wa mwisho. Nathaniel Gordon wa Portland, Marekani, alichukua watu takriban 500 kutoka Msumbiji kwa merikebu Camargo, akawashusha kwa siri pwani ya Brazil mwaka 1852, akaichoma merikebu ili asikamatwe. Mwaka 1860 alikamatwa karibu na mdomo wa mto Kongo akiwa na merikebu Erie na watu 897 ndani, wengi wao watoto. Mbele ya mahakama ya New York utetezi wake ulikuwa kwamba merikebu ameshaiuza na kwamba siku ile hakuwa tena nahodha. Hawakumwamini. Rais Lincoln alimwongezea wiki mbili za kujiandaa na akakataa kumsamehe, na tarehe 21 Februari 1862 alinyongwa, nahodha pekee wa Marekani aliyenyongwa kwa kosa hilo.

Kwa hiyo, Mhariri, ninaomba gazeti lako lisahihishe mambo mawili katika toleo lijalo. La kwanza, neno "ajali" liondolewe kwenye habari ya Zong. La pili, barua ile iliwaita watu waliokuwa chini "abiria". Abiria ni mtu aliyelipa nauli na anayeweza kushuka bandarini, na nimewabeba wengi, nawajua.

Wako mtiifu,
Nahodha mstaafu,
Langoni, Lamu